Nyasi Juu ya Nyumba ya Jua

Siku tuliyomzika Pankrasi, mume wangu, mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile ile, na udongo wa kijiji chetu cha Mbuba ulinata kwenye viatu vya watu kana kwamba haukutaka mtu aondoke. Watu walikuja wengi, wengine hata sikuwajua, wakasema aliwafundisha. Mimi nilikaa ndani mkekani na wanawake wenzangu, wali na maharage vinapita, nikisikiliza maneno ya wanaume kupitia dirishani, tabia niliyoianza zamani na sijaiacha. Ndipo nikasikia sauti ya Minani. Imezeeka, imekuwa kama mlango wenye bawaba mbovu, lakini niliitambua. Aliwauliza vijana waliokaa naye, "Ile nyumba ya Jua kule juu, bado ina nyasi?" Vijana wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mmoja akamjibu, "Mzee, ile ni ya mabati. Haijawahi kuwa na nyasi." Huku ndani kijiko kikaniponyoka. Haijawahi! Nyasi zile nusura zinifanye mjane sijamaliza hata mwaka wa ndoa, na leo hakuna anayejua kwamba zilikuwapo. Ndiyo sababu naandika. Elimu yangu ni ya ngumbaru, kwa hiyo mkiona nimeruka hapa nikarudi pale mnivumilie. Hata nikisimulia kwa mdomo ndivyo nilivyo.

Ya ukoo nayaacha, hayana kazi hapa. Jueni tu kwamba mimi ni Msubi wa Biharamulo, na nililetwa Ngara juu ya lori la chumvi, nimekalia magunia, na nguo yangu ya harusi ndani ya sufuria ili isichafuke. Pankrasi alinipokea Kanazi kwa baiskeli. Nilidhani nakwenda kijijini, kwa sababu wakati ule watu wote walikuwa wamehamishwa kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride. Lakini baiskeli ilipita kijiji, ikaanza kupanda kilima, tukashuka tukaisukuma, na huko juu migomba ya watu waliohamishwa ilikuwa imeachwa yenyewe, inaangukiana, hakuna wa kuipunguza. Nikamwuliza, "Tunakwenda kwa nani?" Akanijibu, "Kwa Jua." Nikajua nimeolewa na mwendawazimu, na lori limeshaondoka.

Kileleni palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje, na pembeni kijumba cha mviringo chenye paa la bati lililovimba kama chungu kilichofunikwa. Alikijenga padri mmoja kutoka Ulaya aliyependa mambo ya angani. Alipoitwa kwao alimwachia Pankrasi, ambaye alikuwa mwalimu wa shule, na serikali ikakubali abaki pale awafundishe wanafunzi na walimu wanafunzi waliopanda kila wiki. Ndani mlikuwa na darubini, bomba refu la shaba. Lakini hakuna aliyechungulia ndani yake, maana hiyo ilikuwa darubini ya Jua, ungechungulia ungepofuka. Lile paa lilizunguka zima juu ya magurudumu ya chuma, mtu anavuta kamba, halafu mlango mwembamba wa bati unafunguka paani mpaka kileleni, Jua linaingia kwenye bomba, linapita kwenye vioo, na linatua juu ya ubao mweupe. Mara ya kwanza nililiona Jua limelala pale ubaoni, la mviringo, kubwa kama sinia, limetulia, lina madoadoa meusi, nilitoka mbio. Nilifikiri ni ugonjwa. Pankrasi aliyachora madoa yale kila siku yenye Jua, kwa penseli, ulimi nje kama mtoto. Alisema yanatembea, yanazaliwa na kufa, na kwamba ukiyaangalia muda mrefu utajua kwamba hata Jua linazunguka. Mimi niliitikia, "Ehee," nikaenda kuchambua maharage.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa mafuta. Magurudumu ya paa yalitaka grisi, na wakati ule grisi haikuwapo, kama ambavyo sabuni haikuwapo, na sukari ukiipata unaificha hata kwa kasisi. Basi nikichemsha nyama, siku ya bahati, Pankrasi anakuja na kikopo anaengua mafuta yote ya juu anakwenda kuyapaka kwenye magurudumu. "Skola, paa likikwama sitaona." Nami namjibu, "Na mimi nikila ndizi kavu nitaona nini?" Tukacheka. Tulikuwa wageni kwa kila mmoja wetu, na kucheka ndiyo njia tuliyoipata. Mchana tulikula mlangoni tukitazama ng'ambo, vilima vya Rwanda vimepangana, na siku za anga safi ule mvuke mweupe wa maporomoko ya Rusumo, mdogo kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Naweza kusema nilianza kupapenda. Ndipo vita ikaja.

Huku kwetu hatukusikia bunduki. Vita na yule nduli ilikuwa kaskazini, mbali. Sisi tulisikia redio na maneno, na naomba mniamini, maneno ni mabaya kuliko bunduki kwa sababu hujui yamelenga wapi. Nilikuwa nateka maji kwenye chemchemi ya chini pamoja na wanawake wa kijiji. Kihangaza chao wakati huo nilikielewa nusu, na wao walidhani sielewi kabisa, kwa hiyo walizungumza mbele yangu kama mbele ya mbuzi. Siku moja mmoja akasema, "Jana limemetameta tena." Mwingine akauliza, "Linammulikia nani?" Wa kwanza akajibu, "Kwani ndege za nduli zinaijuaje njia?" Halafu wakanigeukia wakitabasamu, wakanisaidia kujitwika ndoo. Nilipanda kile kilima maji yakinimwagikia mgongoni. Kwa sababu ilikuwa kweli: Pankrasi akizungusha paa, bati linapiga mwanga, na mwanga ule unaonekana mpaka barabarani, unawaka, unazimika, unawaka. Nilipomweleza, alikaa na kijiko mkononi mpaka chakula kikapoa. "Nitafungua mara chache," akasema. Lakini sikuona akifungua mara chache. Madoa yalikuwa mengi mwaka ule.

Mkuu wa mgambo wa kijiji alikuwa huyu Minani. Kijana mrefu, mkanda wa jeshi aliopewa na mjomba wake, filimbi shingoni. Alipanda siku moja na vijana wake, akasimama wima mbele ya mume wangu. "Ndugu Mwalimu, mabati yote ya kijiji yamefunikwa majani. Shule imefunikwa. Kanisa limefunikwa. Kimebaki hiki kichwa chako cha upara." Pankrasi akamweleza kwamba paa lile lazima lizunguke. Minani akasema, "Lizunguke na nyasi zake." Na hapo, kwa upande wangu, nilishusha pumzi. Nilifikiri, nyasi zikishawekwa, mwanga utakufa, na maneno ya chemchemini yatakufa nao. Nilimbembeleza mume wangu akubali. Akakubali.

Fundi wa kuezeka alikuwa Mzee Bukuru, aliyejenga misonge tangu utoto wake, ile nyumba ya zamani ya mviringo ambayo paa lake linashuka mpaka chini. Tangu watu wahamishiwe kwenye nyumba za pembe nne alikuwa hana kazi, na alipoliona lile paa la mviringo macho yalimlowa. Alikuwa anachanganya la na ra, na meno ya mbele hana. "Shikamoo, mzee," nikamsalimu. "Marahaba, binti. Umeorewa vizuri. Hii ni nyumba." Yeye na vijana wa Minani wakafunga fito juu ya bati, wakapanda na matita ya nyasi, wakaanza chini kwenda juu, safu juu ya safu. Pankrasi alizunguka kule chini akiwaomba, "Msifunge ukutani! Msifunge ukutani!" Wakazifunga kwenye bati peke yake, ila zile nyasi za chini zilining'inia mpaka kwenye magurudumu. Saa za mchana paa lilikuwa limekuwa msonge mzuri sana, wa kifalme, na hata Minani alivua kofia. Watu walishangilia. Nikaleta urwagwa, pombe yetu ya ndizi, mtungi mzima niliouandaa. Kilibaki kilele tu. Hapo Mzee Bukuru akaita kutoka juu, "Mama mwenye nyumba! Moto!"

Nyinyi wa bati na saruji hamjui. Nyumba ya nyasi haifungwi kilele kabla mama hajawasha moto ndani. Moshi lazima uingie kwenye nyasi mpya, uzikaushe, ufukuze wadudu, na wenye nyumba waonekane wana jiko. Baada ya hapo mwenye nyumba mwanamume anapanda, anafunga fundo la mwisho kwa mkono wake. Kila mtu pale alilijua hilo, hata kwetu Biharamulo tunalijua, kwa hiyo hakuna aliyefikiri mara mbili. Pankrasi peke yake alianza kusema, "Mle ndani mna vioo..." lakini nani alikuwa anamsikiliza? Yeye mwenyewe mwishowe aliivalisha darubini blanketi letu la harusi, akafungua ule mlango mwembamba wa bati kwa ndani ili moshi uzifikie nyasi. Nikawasha. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukajaa, ukapanda, ukapenya nyasi zote kwa pamoja, na tulipotoka nje paa zima lilikuwa linafuka kama chungu cha ugali, na moshi mzito ukasimama juu ya kilima, mnene, mweupe, mrefu. Watu walikuwa wanaimba. Minani alikuwa na kibuyu mdomoni. Na kule chini, barabara ya kwenda Rusumo, lori la wanajeshi likasimama.

Nikiwa jikoni kwangu leo nikisikia gari likisimama ghafla, bado nazima moto kwanza. Walipanda upesi. Ofisa wao alikuwa kijana, Kiswahili chake kimenyooka, cha pwani. Alilitazama paa, akautazama moshi, akatutazama sisi wote na vibuyu vyetu. "Hii nyumba mmeifunika kwa nini?"

"Isionekane na ndege, afande," akasema Minani.

"Na moto?"

Mnaona ulivyo ugumu wake? Tumeificha nyumba, halafu tumeiwashia moshi ambao hata kipofu angeunusa. Jibu lilikuwapo, lakini kila mtu alilipima mdomoni akaliona la kipumbavu. Ofisa akauliza tena, taratibu, "Nani amewasha moto?" Nilifungua mdomo. Pankrasi akanikanyaga mguu, kwa nguvu, akasema, "Ni mimi." Ofisa akamwambia, "Wewe ni mwalimu. Unajua moshi unaonekana wapi. Ulikuwa unamwita nani?" Wanajeshi wakaingia ndani wakikohoa, wakaiona darubini ndani ya blanketi, na hapo basi. Waling'oa kioo kikubwa cha mbele, wakakifunga kwenye skafu. Wakamchukua na yeye. Aliposhuka hakugeuka, alikuwa anaangalia kile kioo jinsi kinavyobebwa, asije mtu akakiangusha. Minani, mwenye filimbi, mwenye kuagiza nyasi, alikuwa ameshika kibuyu nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba.

Walimpeleka Ngara mjini. Zikafuata siku ambazo sipendi kuzikumbuka, nazo ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Nilipika kwa wawili kwa mazoea, nikamwaga. Chemchemini wanawake walinipisha niteke kwanza, na hiyo ndiyo adabu mbaya kuliko zote duniani, wanakupisha kama mtu mwenye maiti ndani. Nilimsikia mmoja akisema, "Wasaliti wanapelekwa mbali, hawarudi." Nikaiacha ndoo pale pale, nikaenda kwa Minani. Alikuwa ananoa panga.

"Shemeji, karibu."

"Sijaja kukaribia. Nenda Ngara ukawaambie moto ulikuwa wa paa."

"Shemeji, mambo ya jeshi hayo."

"Ulikuwapo. Ulikunywa."

"Nitasemaje mimi? Niende kwa afande niseme sisi tukiezeka tunawasha moto? Mtu wa pwani yule! Atasema mgambo mzima wanaamini mambo ya bibi zao. Atanivua mkanda. Au ataniweka ndani na mimi." Akalitemea mate jiwe la kunolea. "Mwalimu ni msomi. Watamwelewa wenyewe." Akaendelea kunoa mgongo wa panga, si makali. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na mtu anayeogopa kuliko wewe huwezi kumwomba kitu. Nikarudi juu nalia mpaka nikajikwaa.

Sasa sikieni alichofanya Mzee Bukuru. Jumapili baada ya misa wanaume walikaa kunywa nje ya duka la ushirika, nami nilikuwa nyuma ya ukuta nasubiri chumvi. Mtu akamtania, "Mzee, msonge wako haujaisha, kilele kiko wazi kama mdomo wako." Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Hautaisha mpaka mwenye nyumba arudi afunge fundo. Na fundo risipofungwa, nyumba inatafuta mtu." Wakauliza inatafuta nani. "Siyo fundi," akasema, "fundi ameagizwa. Siyo mama, mama amewasha moto wake. Inamtafuta ariyeagiza nyasi." Nikasikia kiti cha Minani kikisogezwa, na sauti yake, kavu: "Mimi nina kadi ya chama, siamini mambo hayo." Bukuru akamjibu kwa upole kabisa, "Ndiyo, mwanangu. Nyumba haiurizi kadi." Kama kweli ilikuwa desturi au aliitunga pale pale, mpaka leo sijui. Kwetu tuna moto na tuna fundo, lakini nyumba inayotafuta mtu sijawahi kuisikia tena. Nilichokiona ni kwamba kesho yake mvua ilinyesha, Minani akateleza uani kwake akaumia kiwiko. Siku iliyofuata mbuzi wake akafa. Na siku ya tatu yake alipita na baiskeli anaelekea Ngara, mkanda kiunoni, kichwa chini, hakunisalimu.

Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na Pankrasi. Minani alisimama mbele ya ofisa, akapiga saluti, akasema, "Afande, naomba mfungwa akafunge fundo." Akaulizwa fundo gani. Akaeleza yote: nyasi, moto, kilele, mbuzi. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama mezani, na Minani akadhani anatafuta bunduki, kumbe anacheka, anacheka mpaka machozi, akawaita wenzake, akamwambia Minani arudie. Alirudia. Mbele ya watu wote, na mkanda wake, akarudia habari za mbuzi. Mwanajeshi mmoja wa huku kwetu Kagera ndiye aliyemaliza kicheko, alisema, "Afande, hata kwa baba yangu ni hivyo hivyo." Wakamwachia Pankrasi. Kioo hawakukitoa, walisema kitakaa mpaka vita iishe, na vita ikaisha, na kioo hatukukiona tena.

Walirudi Jua likiwa utosini, wawili kwenye baiskeli moja. Pankrasi alikuwa amekonda na alinuka. Sikujua nimkumbatie mbele ya watu au nimpe maji, nikampa maji. Mzee Bukuru alikuwa ameshafika, na ngazi yake, anataka fundo lake. Lakini Pankrasi alikwenda kwanza kuiona darubini. Tukamfuata ndani, giza, harufu ya moshi. Bomba limebaki na shimo mbele, kama jicho lililong'olewa, na aliliwekea kiganja. Ule mlango mwembamba wa paani ulikuwa wazi kama alivyouacha siku ya moto, juu yake zimelala nyasi tu. Na pale sakafuni, kwenye saruji, kulikuwa na majua. Sisemi mwanga. Majua, madogo, ya mviringo, yamesambaa kama shilingi zilizomwagika, na moja kubwa kuliko yote limeangukia katikati kutoka kwenye kile kilele ambacho hakijafungwa. Nyasi zilikuwa na vitundu, na kila kitundu kilileta Jua lake zima.

Mzee Bukuru aliziona zile nuru akashika kichwa. "Paa rangu harivuji!" akapiga kelele. "Hizo ni kasoro za fito! Nitaziba sasa hivi, niretee nyasi!" Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Pankrasi akamshika suruali. "Usizibe, mzee! Nakuomba, usizibe hata kimoja!" Alipiga magoti, akaweka karatasi chini ya lile Jua la katikati, akatoa penseli, ulimi nje. Doa lilikuwapo. Moja, dogo, kama sisimizi, lakini lilikuwapo. Ndipo nilipokaa chini nikalia, na Minani mlangoni akajifanya anakohoa. Na fundo? Kila Bukuru alipouliza, Pankrasi alisema kesho. Fundo likifungwa, lile tundu la kilele lingekufa. Alisema kesho mpaka Mzee Bukuru akafariki, mpaka nyasi zikaoza na kupeperuka na mabati yakatokea tena.

Juzi, matanga yalipokwisha, Minani alibaki. Akaomba nimpeleke juu. Wazee wawili, fimbo mbili, tulipumzika njiani mara nyingi kuliko tulivyotembea. Paa halizunguki tena. Bati limeliwa na kutu, na ndani, sakafuni, majua yamejaa, mengi kuliko yale ya mwaka ule. Alisimama katikati yao na koti lake la msiba, mengine yakawa mgongoni kwake. "Shemeji," akasema, "hakufunga lile fundo." Nikasema hakulifunga. "Na sasa amekufa." Ndipo nikafahamu swali alilowauliza wale vijana. Mzee mzima, wajukuu wamejaa, na bado anasubiri nyumba imtafute. Nilitaka kucheka, lakini alikuwa anaogopa vile vile kama siku ya panga. Yule alikwenda Ngara kwa kuogopa fundo, sikatai. Lakini alikwenda, nami nikalala na mume wangu miaka yote hii.

Nilitoka nje, nikang'oa nyasi chache ndefu ukutani, nikarudi. Mwenye nyumba sasa ni mimi. Nikazipitisha kwenye tundu moja la kutu ambalo mkono wangu ulifika, nikazizungusha mara mbili, nikafunga. Minani alitazama kila kitu kwa makini, kama mkaguzi. "Kaza, shemeji," akasema. Nikamwambia nimekaza. Akavua kofia. Sakafuni, chini ya lile tundu, Jua lake lilikuwa bado lipo, limepungua kidogo tu, maana sikukaza.